Kishada, Mtungo au Kikosi? Uhakiki wa Istilahi za Seva Zinazopokezana Zamu kwa Mizani ya Lugha ya Pwani ya Kusini ya Kenya

1. Utangulizi

Mjadala wa istilahi za kompyuta katika Kiswahili umekuwa, kwa muda mrefu, mjadala wa majina ya vitu. Wanaisimu wamebishana juu ya kompyuta, ngamizi na tarakilishi kana kwamba kazi ya mwunda istilahi humalizika pale chombo kinapokwisha kupata jina. Ilhali chombo ni kimoja, na yatendekayo ndani yake ni mengi. Nayo hayo yatendekayo ndiyo humpa taabu mwalimu anayefundisha na fundi anayefundishwa. Makala haya yanahakiki fungu dogo la istilahi za namna hiyo, yaani zile zinazohusu usakinishaji wa programu za kuziunganisha seva kadhaa za Linux, ili moja ikifa nyingine ishike kazi yake pasipo huduma kukatika.

Fungu hilo limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, takriban kila neno lake katika Kiingereza ni sitiari: seva hukusanywa kama matunda, husikilizana kama moyo upigao, hupigiwa ua kama shamba, na zikikosana husemwa kuwa ubongo umepasuka. Mfasiri anayezihamisha sitiari hizo jinsi zilivyo huhamisha picha bila ya maana. Pili, katika uwanja huu kosa la neno huweza kuzaa kosa la kazi, na kosa la kazi huweza kupoteza kumbukumbu za wagonjwa, za wanafunzi au za fedha za watu.

Mizani iliyotumika ni lugha ya Kwale na pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Likoni, Tiwi na Diani hadi Gazi, Msambweni, Shimoni na Vanga. Huko Kiswahili, pamoja na lahaja zake za Kivumba na Kichifundi, kimeishi bega kwa bega na Kidigo na Kiduruma, nao wasemaji wake wamezoea kazi za vyombo, za zamu na za kuvuka maji. Hoja hapa si kulifufua shauri la mwaka 1928, pale mkutano wa Mombasa ulipoichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Hoja ni kwamba lugha ya kazi za pwani ina maneno yaliyokwisha kupimwa kwa matendo, na kwamba mwunda istilahi anayeyapita bila ya kuyatazama hujitia umaskini asiokuwa nao.

2. Jambo lenyewe

Mkaazi wa Diani au wa Msambweni hahitaji kufundishwa maana ya huduma kukatika. Kwa miaka mingi njia yake ya kawaida ya kufika kisiwani Mombasa ilikuwa kivuko cha Likoni. Kivukoni hapo feri huwa zaidi ya moja, na hii ikipelekwa kutengenezwa nyingine huendelea kuvusha watu. Hilo ndilo wazo zima la seva zinazopokezana zamu. Lakini feri zote hupita mlango mmoja wa bahari, na mlango ukizibwa wingi wa feri haufai kitu. Ilipofunguliwa barabara ya Dongo Kundu katika miaka ya 2020, pwani ya kusini ilipata njia nyingine isiyotegemea kivuko. Somo lililomo ni kwamba kuzidisha vyombo ni jambo moja na kuzidisha njia ni jambo jingine. Fundi anayenunua seva mbili kisha akazichomeka katika soketi moja ya umeme amezidisha feri tu. Njia bado ni ile ile moja.

Ndivyo ilivyo katika mawasiliano na umeme pia. Mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM ilifika Mombasa mwaka 2009. Mwezi wa Februari 2012, nanga ya meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini iliukata mkongo wa TEAMS, na waliotegemea mkongo huo peke yake wakaijua gharama ya kuwa na njia moja. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili aliingia katika kituo cha umeme cha Gitaru akaangukia mtambo, na karibu Kenya nzima ikaingia gizani. Katika mwaka 2023 giza la namna hiyo lilirudi, mwezi wa Agosti, wa Novemba na wa Desemba. Wakati huo huo mambo ya kila siku yanazidi kuelemea mitambo isiyoonekana. Huduma ya M-Pesa ilianza mwaka 2007, na kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani, hata zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Mchuuzi wa samaki wa Msambweni anayelipwa kwa simu hutegemea seva asizoziona, na zikizimika yeye ndiye anayebaki ufukweni na samaki wanaoharibika.

Usakinishaji wenyewe, kwa ufupi, huendeshwa hivi. Seva mbili au zaidi huwekewa Linux, hupewa majina, na saa zao hulinganishwa. Katika kila moja husakinishwa Corosync, programu inayoziwezesha seva kujua ni ipi iliyo hai na ipi imenyamaza, na Pacemaker, programu inayoamua huduma ipi iendeshwe na seva ipi. Ikiwa data hazikuwekwa katika ghala linalofikiwa na seva zote, huweza kutumiwa DRBD, ambayo hunakili kila kinachoandikwa katika diski ya seva moja hadi diski ya nyingine kwa njia ya mtandao. Programu hiyo iliingizwa katika kiini cha Linux mwaka 2010. Watumiaji hupewa anwani moja isiyofungamana na seva yoyote, na anwani hiyo huhama pamoja na huduma. Mwisho, fundi mwangalifu huchomoa kwa makusudi waya wa umeme wa seva inayofanya kazi, ili ashuhudie kwamba ya pili imeshika zamu. Asiyelifanya jaribio hilo mchana hufanyiwa na umeme wenyewe usiku.

3. Kishada na mtungo

Neno la kwanza linalohitaji kupimwa ni lile la kundi lenyewe la seva. Mafundi wengi husema klasta. Anayefungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili huelekezwa kwenye kishada au kichala, na wapo wanaopendekeza mtungo, kwa kuwa seva hufungamanishwa pamoja. Yote matatu ni maneno mazuri ya Kiswahili, na yote matatu hayafai.

Kishada, kama kichala, ni matunda au maua yaliyoning'inia katika kikonyo kimoja. Uzuri wake umo katika kufungwa pamoja, na udhaifu wake umo papo hapo: kikonyo kikikatwa, vyote huanguka. Mtungo wa samaki, jinsi unavyobebwa kutoka ufukweni Gazi au Shimoni, ni samaki waliopitishwa kamba moja, na kamba ikikatika samaki hutawanyika mchangani. Kwa maneno mengine, kishada na mtungo ni picha za kile hasa ambacho kundi la seva limeundwa ili kukiepuka, yaani kuwapo kwa mahali pamoja ambapo pakivunjika kila kitu huvunjika. Mwanafunzi anayefundishwa kwa neno kishada atakuwa amepewa picha iliyo kinyume cha somo. Mfasiri aliyelichagua aliutazama umbo la neno la Kiingereza, wala hakuuliza seva hizo zimekusanywa ili zifanye nini.

4. Kikoa kilichokwisha kutumika

Lipo neno la Kiswahili ambalo lingekaribia sana kulitimiza haja hiyo, nalo ni kikoa. Maana yake ya asili ni shirika la watu wanaokula pamoja kwa zamu: leo kwa huyu, kesho kwa yule, na hakuna siku ambayo chakula hukosekana. Wasemaji wa Kwale wanayo desturi iliyo jirani na hiyo katika mweria, yaani kulimiana mashamba kwa zamu. Sifa mbili kuu za kundi la seva zimo katika kikoa: wenzi walio sawa, na haja moja isiyosimama kwa sababu ya zamu.

Lakini kikoa kimekwisha kupewa kazi nyingine. Katika lugha ya intaneti, kikoa ndilo jina la eneo la anwani, na usajili wa anwani za Tanzania zinazoishia kwa .tz huendeshwa kwa neno hilo. Uhusiano kati ya anwani ya intaneti na shirika la watu wanaokula kwa zamu ni mgumu kuuona. Anwani haina zamu wala wenzi. Inaelekea neno lilichukuliwa kwa kuwa lilikuwa limekaa bila ya kazi, likatwikwa maana iliyokuwa ikitafuta jina. Hasara yake haikuonekana siku ile. Imeonekana baadaye, dhana iliyokuwa mwenyewe wa neno ilipofika na kukuta nafasi imekaliwa.

Je, neno hilo linaweza kurudishwa? Haielekei. Kanuni ya istilahi ni kwamba katika uwanja mmoja neno moja libebe dhana moja, na fundi yule yule anayesakinisha seva zinazopokezana zamu ndiye anayezipatia anwani zake. Akiambiwa kikoa mara mbili katika saa moja kwa maana mbili, atachanganyikiwa. Aidha, kikoa hugawa zamu kwa kalenda, ilhali kundi kubwa la seva za namna hii hugawa zamu kwa ajali: ya pili hushika kazi pale tu ya kwanza inaposhindwa.

Kwa hiyo neno linalostahili kupendekezwa ni kikosi. Kikosi ni watu wenye kazi moja, wenye kiongozi, na aliyeanguka hubadilishwa na mwenziwe bila ya kazi kusita. Kila kijana anayefuata kandanda katika viwanja vya Ukunda anajua kwamba kikosi kina wanaocheza na walio katika akiba, na kwamba mchezaji wa akiba hukaa tayari, hakai bure. Hilo la akiba ndilo ambalo kishada hakina, kikoa hakina, na hata neno la Kiingereza lenyewe halina. Kikosi cha seva, basi, si tafsiri ya neno la Kiingereza. Ni jina la jambo lenyewe.

5. Manahodha wawili

Hatari kubwa kuliko zote katika kikosi cha seva si kufa kwa seva. Kifo cha seva ni jambo lililotarajiwa na kuandaliwa. Hatari ni pale ambapo seva mbili zote zi hai, lakini waya wa mawasiliano baina yao umekatika. Kila moja huona mwenziwe amenyamaza, hudhani amekufa, na hujitwalia uongozi. Zote mbili huanza kuandika katika data zile zile, kila moja kwa njia yake, na baada ya dakika chache hakuna awezaye kusema maandishi yapi ni ya kweli. Waingereza huita hali hiyo kupasuka kwa ubongo, na tafsiri ya moja kwa moja hutoa istilahi inayomwelekeza msikilizaji kwenye chumba cha upasuaji.

Pwani ina methali iliyolisema jambo hili kabla ya seva kuwako: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali haisemi kwamba nahodha amekufa wala kwamba ana wazimu. Inasema kwamba kila nahodha ni mzima na anajua kazi yake, ila amri ni nyingi na chombo ni kimoja. Hiyo ndiyo hali halisi ya seva hizo, kwa usahihi ambao sitiari ya ubongo haiufikii. Maana katika sitiari ya ubongo kilichoharibika ni kiungo, na katika jambo lenyewe kilichoharibika ni makubaliano. Istilahi ya manahodha wawili, ambayo katika sentensi huweza kuwa hali ya manahodha wawili, ina faida zaidi: humwonyesha mwanafunzi dawa. Chombo chenye manahodha wawili hupona kwa mmoja kushuka.

Dawa hiyo ina sehemu mbili, na ya kwanza ina neno lake tayari. Ni akidi. Neno hili linajulikana katika vikao vya vyama na katika Bunge, na hakuna sababu ya kubuni jingine. Hata hivyo mwalimu hana budi kutoa tahadhari moja. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inataka wabunge 50 ili Bunge la Taifa liwe na akidi, ilhali wabunge wake ni 349. Hiyo ni sehemu ndogo. Akidi ya seva ni lazima izidi nusu. Katika kikosi cha seva 3 akidi ni 2, na katika kikosi cha seva 5 akidi ni 3. Sababu yake ni ya hesabu tupu: makundi mawili yaliyotengana hayawezi yote mawili kuzidi nusu, kwa hiyo hayawezi kuwapo manahodha wawili. Kutokana na hesabu hiyo hiyo hutambulika kwa nini kikosi cha seva 2 ni kikosi chenye shida. Akidi yake ni 2, na mmoja akifa aliyebaki hana akidi peke yake. Ndiyo maana mafundi huongeza sauti ya tatu, hata ikiwa ni ya mashine ndogo isiyofanya kazi nyingine ila kupiga kura.

6. Uzio unaonasa na uzio unaotenga

Sehemu ya pili ya dawa ndiyo iliyoharibiwa zaidi na tafsiri. Seva isiyoeleweka kama i hai au imekufa haiachwi hivyo hivyo. Kikosi huizima kwa nguvu, kwa kuukata umeme wake au kwa kuinyima njia ya kuzifikia data, na baada ya hapo tu ndipo seva nyingine hushika zamu. Kwa Kiingereza tendo hilo hutumia neno la kupiga ua, na tafsiri iliyo karibu ni kuweka uzio.

Kwa msikilizaji wa pwani ya kusini, uzio si neno tupu. Ni ua wa nyumba au wa shamba, unaowalinda waliomo. Na ni ua wa fito uliosimikwa majini, ambao samaki huingia maji yakijaa na kunaswa yakitoka. Katika maana zote mbili, uzio humhifadhi au humshika aliye ndani. Fundi anayesoma kwamba seva yake haina budi kuwekewa uzio ataelewa kwamba seva inakingwa na maadui wa nje. Ataona kwamba ni ulinzi wa ziada, na kwa kuwa ulinzi huo humletea usumbufu wakati wa kusakinisha, atauzima ili kazi iende haraka. Kosa la kuzima sehemu hii ni miongoni mwa makosa yanayojulikana sana katika uwanja huu, hata kwa wanaosoma Kiingereza. Kwa anayesoma tafsiri ya namna hiyo, kosa hilo huwa limerahisishwa na neno lenyewe. Matokeo yake huja baadaye, siku ambayo waya umekatika na manahodha wawili wameshika sukani moja juu ya kumbukumbu za hospitali.

Neno lifaalo ni kutenga. Jamii za pwani, kama jamii nyingine, zinajua maana ya mtu kutengwa: huondolewa katika shughuli za wenziwe, hasikilizwi, wala haruhusiwi kugusa cha shirika, hata jambo lake liamuliwe. Kutenga hakumlindi anayetengwa. Hulinda jamii dhidi yake. Utengaji wa seva, basi, ni istilahi ambayo haimruhusu fundi kukosea upande. Akisikia kwamba utengaji umezimwa, atauliza mara moja ni nani atakayezuiwa, na swali hilo ndilo linalotakiwa.

7. Mapigo ya moyo na kijiti

Seva za kikosi hupelekeana ujumbe mfupi kila mara ili kuthibitisha uhai. Tafsiri iliyozoeleka ni mapigo ya moyo. Asili yake ni jina la programu ya zamani, Heartbeat, iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Lakini Corosync, iliyoshika nafasi ya programu hiyo katika vikosi vingi, haitegemei picha ya moyo. Humo seva huwa kama zimepangwa katika duara, na hupitishiana ishara moja, ambayo mwenye kuishika ndiye mwenye ruhusa ya kutoa ujumbe wake. Ishara isipofika kwa muda uliowekwa, hutambulika kwamba mmoja amekatika, na duara hupangwa upya.

Kila mwalimu wa michezo katika shule za Kwale ana jina la ishara hiyo: kijiti. Mbio za kupokezana vijiti zimo katika mashindano ya shule, na mtoto wa darasa la nne huelewa kwamba kijiti kisipofika, kuna mkimbiaji aliyeanguka. Hapa inaonekana kasoro ya kufasiri jina badala ya kufasiri tendo. Jina hubaki nyuma mashine inapobadilika, na Kiswahili huendelea kubeba picha ya moyo ambayo mtambo wenyewe umekwisha kuiacha. Kutokana na mzizi ule ule wa kupokea hupatikana pia upokezi wa zamu, ikiwa na maana ya kitendo cha seva ya akiba kushika kazi ya iliyoanguka. Hivyo kijiti, kupokezana na upokezi huwa ukoo mmoja wa maneno, na mwanafunzi akilijua moja huyakisia mengine.

8. Sakinisha na udumifu

Si tafsiri zote zinazostahili lawama. Sakinisha, kwa maana ya kuiweka programu katika kompyuta tayari kwa kazi, ni neno lililochaguliwa vizuri. Sakini ni kukaa mahali kwa utulivu, na vijana wa pwani wanalo ndugu yake, maskani, wanalolitumia kila jioni. Programu iliyosakinishwa imepewa maskani yake. Washindani wake ni funga na simika. Mafundi wa mitambo husema kufunga mtambo, na msemo huo ni sahihi kwa vyuma. Lakini katika programu kufunga ni kukomesha, na amri moja haiwezi kumaanisha kuanza na kukomesha. Simika ni neno la mlingoti na la kiongozi, nalo lingefaa likiwekewa akiba kwa ajili ya kitendo cha kikosi kuichagua seva iongoze.

Istilahi dhaifu kuliko zote ni upatikanaji wa juu, inayokusudiwa kuwa sifa ya mfumo mzima. Kwa Kiswahili, kupatikana ni kuwapo kwa anayetafuta, na kupatikana hakuna juu wala chini. Wahandisi huipima sifa hiyo kwa muda ambao huduma ilikuwapo katika mwaka. Asilimia 99.9 humaanisha kwamba huduma ilikosekana kwa muda wa saa 8 na dakika 45 hivi, asilimia 99.99, dakika 53 hivi. Na asilimia 99.999, dakika 5 na sekunde 15 hivi. Kinachopimwa ni kudumu. Udumifu wa huduma, kwa hiyo, ndiyo istilahi inayolingana na kipimo. Wapo watakaopenda huduma isiyokatika, kwa kuwa watu husema umeme umekatika na mtandao umekatika. Msemo huo ni hai, lakini unaahidi kupita kiasi: hata mfumo bora una dakika zake 5.

Ili msomaji aamue mwenyewe, maelekezo yale yale yanaweza kuandikwa kwa namna mbili. Kwa tafsiri ya neno kwa neno yangekuwa hivi: Sakinisha programu ya kishada cha upatikanaji wa juu katika kila kifundo, weka uzio, na hakikisha mapigo ya moyo yanapita ili kuepuka kupasuka kwa ubongo. Kwa istilahi zilizopendekezwa yangekuwa hivi: Sakinisha programu ya kikosi katika kila seva. Washa utengaji kabla ya kuanza kazi. Hakikisha kijiti kinazunguka, kwani seva zisiposikiana zitakuwa manahodha wawili na data zitakwenda mrama. Maelekezo ya kwanza huweza kueleweka kwa anayekijua Kiingereza kilichofichwa nyuma yake. Ya pili huweza kufundishwa.

9. Pingamizi na hitimisho

Huenda ikasemwa kwamba kazi hii ni ya bure, kwa kuwa amri za Linux huandikwa kwa Kiingereza, na fundi asiyezijua hawezi kusakinisha chochote. Ni kweli kwamba amri hazitabadilika, na hakuna haja ya kuzibadilisha. Lakini fundi hafikiri kwa amri. Hufikiri kwanza, kisha akaandika amri. Naye huwaeleza wenziwe na wakubwa wake kwa lugha wanayoijua, hasa pale anapoomba fedha za seva ya pili au za njia ya pili ya umeme. Mkuu wa hospitali aliyeelezwa juu ya feri na mlango wa Likoni ana nafasi ya kuamua vyema kuliko aliyeelezwa juu ya upatikanaji wa juu.

Huenda pia ikadhaniwa kwamba makala haya yanapinga ukopaji. La hasha. Nahodha na bandari ni maneno yaliyotoka Uajemi, na akidi ilitoka Uarabuni. Hakuna anayeyaona kuwa mageni leo. Seva, nodi, diski na hata klasta katika mazungumzo ya karakana si aibu. Tofauti inayopendekezwa ni hii: majina ya vitu yanaweza kukopwa bila ya hasara kubwa, lakini majina ya matendo yatafutwe kwanza nyumbani, kwa kuwa tendo ndilo linaloeleweka au kutoeleweka.

Kwa mintarafu hiyo, kazi ya Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, inastahili kusomwa upya. Wengi humkumbuka kwa neno runinga, ambalo ni jina la kitu. Lakini katika Sambo ya Kiwandeo, utungo uliochapishwa mwaka 1979, alihifadhi maneno ya chombo cha Lamu, yakiwa yamefungamana na kazi yake. Huenda hilo ndilo somo kubwa zaidi aliloliacha kwa waundaji wa istilahi. Kadhalika, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulioitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba kioo cha kompyuta kinaweza kusema Kiswahili. Mradi ule ulimhudumia karani mbele ya kioo. Chumba cha seva, ambamo mambo hutendeka bila ya kioo, kilibaki kikingoja.

Tangu mwaka 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa Katiba. Urasmi huo hautatimia ofisini ikiwa mitambo inayozitunza kumbukumbu za ofisi haiwezi kuelezwa kwa lugha hiyo. Vyuo vina wahadhiri wa lugha, na pwani ina mafundi wa seva na manahodha wa ngalawa. Istilahi bora haziwezi kupatikana mpaka watu hao watatu waketi pamoja, wa kwanza akiuliza, wa pili akieleza seva inafanya nini, na wa tatu akisema jambo hilo linaitwaje chomboni.